Ungo Uliohamia Lemara

Katika miaka yake yote ya biashara, Tekla alipoteza watu wengi na wengi wao hakuwafuata hata kwa macho. Mume alipoondoka akamwachia mtoto wao Hope na kitanda, kitanda alikiuza wiki ileile. Lakini kulikuwa na mtu mmoja ambaye Tekla alitaka abaki, fundi Jamaldini, na huyo alimpoteza kwa sababu ya gemu la magari yasiyo na matairi.

Alitoka Rombo akiwa msichana, akaanzia kwenye mitumba. Ruksa ya kuingiza mitumba ilipokuja na marobota yakaanza kumwagwa sokoni, wenzake walinyang'anyana mashati. Yeye aliokota mikanda. Shati, alisema, lina mwenyewe, unaweza kumsubiri mpaka likapauka. Mkanda humfunga yeyote mwenye kiuno. Kwa mikanda akapanga chumba Kaloleni, mlango ukitazama barabara, karibu na uwanja wa mpira. Hapo akaona jambo ambalo majirani waliliona kila wiki bila kulifanyia kazi: mechi ikiisha, vijana walitoka uwanjani miguu ikiwawasha, hawataki kwenda nyumbani, na hawana pa kwenda.

Jamaldini alikuwa na meza yake ya kutengeneza redio barazani kwa jirani. Alikuwa mtu wa Muheza, mpole, miwani yake imefungwa waya sikioni. Alijua kufufua televisheni ambayo wenyewe walishaiwekea mbuzi ya nazi juu. Wakakubaliana kufungua ukumbi wa magemu ya televisheni: chumba cha Tekla, mashine za fundi, kinachopatikana wanagawana. Hawakuandikiana. Walipeana mkono, na fundi akaweka sharti moja.

"Televisheni zitakuwa tatu, Mama Hope. Mbili weka upendacho. Ya tatu ni yangu. Nitaweka ninachokiona kizuri."

"Na wateja wasipokiona kizuri?"

"Watajifunza kukiona."

Tekla alicheka, akakubali. Alikuwa amekwisha kukubali masharti mabaya zaidi ya hayo kwa watu wabaya zaidi.

Kwa mwaka mmoja ukumbi ulijaa. Wateja walilipia mchezo mmoja mmoja: mechi moja ya mpira, pambano moja la ngumi, mbio moja. Ukishinda unabaki, ukishindwa unaamka, unampa mwenzako pedi ya kuchezea. Waliokaa mabenchini walitazama bure na kuzomea bure. Kanuni hiyo aliitunga Tekla mwenyewe, na ilimlisha.

Ndipo fundi akaleta gemu kutoka ng'ambo ya mpaka wa Namanga. Lilikuwa la mbio za miaka mia ijayo. Magari yalielea juu ya barabara, na barabara yenyewe ilijikunja kama utepe, mara ipo juu, mara ipo chini, mara gari limeinama kichwa chini miguu juu, kama lingekuwa na miguu. Ukigusa ukingo mara chache, gari linalipuka. Mbio zimekwisha.

Wa kwanza kulijaribu alikuwa Eliya, kondakta wa Hiace, ambaye neno lake mle ukumbini lilikuwa hukumu. Gemu alilolisifu Eliya lilipata foleni; alilolikataa lilikufa. Alikaa, akakunja mikono ya shati, akakanyaga mafuta mpaka mwisho. Kona ya kwanza akapita kwa bahati. Kona ya pili akalipuka.

"Haa! Mbona mapema hivyo?"

"Amka, kaka," mabenchi yakasema. "Umekwisha."

Akalipa tena. Kona ya pili, moto. Akalipa mara ya tatu, sasa jasho linamtoka na mabenchi yamefurahi kuliko siku ya mechi ya watani.

"Eliya, hilo ni gari au ungo?" mmoja akauliza.

"Ungo! Wachawi wa mwaka elfu mbili mia moja!"

"Matairi yamekwenda wapi?"

"Wachaga wamekwisha kuyauza!"

Hata Tekla alicheka. Eliya hakucheka. Alisimama, akairudisha pedi kama mtu anayerudisha sahani yenye nzi.

"Mama Hope, shikamoo yako naiheshimu, lakini hili ni gemu la wizi. Mpira nalipa, nacheza mpaka kipenga. Hili nalipa, nageuka kushoto, nimekufa. Aliyelitengeneza hakutaka lichezwe."

Hukumu ikawa hiyo. Kufikia Jumapili, Kaloleni nzima ilijua kwamba kwa Mama Hope kuna ungo unaokula hela za watu. Televisheni ya tatu ikawa inawaka peke yake.

Fundi hakulikana gemu lake. Alimfuata Tekla na saa ya mezani, ile ya kutia ufunguo yenye kengele mbili juu.

"Gemu halina kosa. Kosa ni namna tunavyoliuza. Usiuze mbio, uza dakika. Mtu alipuke, aanze tena, alipuke, aanze tena, mpaka kengele ilie. Hili halichezwi kwa macho, linachezwa kwa mazoea. Mpe mtu muda wa kukosea."

"Dakika!" Tekla akasema. "Nitazipima kwa kibaba? Fundi, wateja wamesema. Mimi sibishani na mteja kuhusu ladha ya mboga yake."

"Hawajaionja. Wameungua mdomo tu."

"Anayeungua harudi."

Tekla akaiweka saa juu ya kabati, nyuma ya taa ya chemli. Hakuitia ufunguo.

Asubuhi, kabla ya kufungua, fundi alilicheza mwenyewe. Tekla akifagia alimwona ameinama mbele ya kioo, bega likilala kulia na kushoto. Hakukanyaga mafuta muda wote kama Eliya. Aliachia kabla ya kona, akaacha gari liteleze, halafu ndipo akakanyaga. Siku moja alimaliza mbio za kwanza kabisa, na hakupiga kelele. Alivua miwani, akaifuta. Kisha akachomoa kadi ndogo ya kijivu mbele ya mashine, akaifuta nayo kwa pindo la shati, akairudisha. Kila asubuhi ilikuwa hivyo, kwa miezi. Tekla aliiona kadi ile. Alijua ni kitu. Hakuuliza ni kitu gani.

Fundi akapata msiba, mjomba wake huko Muheza. Akaondoka. Katika siku hizo akapita Sumari, Mmeru aliyekuwa anafungua ukumbi wake Lemara, anatafuta magemu. Tekla hakupepesa macho. Alimkalisha, akamwagizia chai, akamweleza sifa za ungo ule kwa maneno ya Jamaldini mwenyewe, neno kwa neno, kana kwamba aliyaamini. Alitaka diski mbili za gemu la mpira kwa ile moja ya ungo. Sumari akasitasita, kikombe mkononi, mguu mmoja tayari mlangoni.

"Basi chukua na hii," Tekla akasema, akachomoa ile kadi ya kijivu. "Nyongeza."

Wakapeana mkono. Jioni ile Tekla alijisifu. Moja imezaa mbili, na nyongeza haikumgharimu kitu.

Jamaldini alirudi na kikapu cha machungwa. Akasimama mlangoni akitazama televisheni ya tatu, ambapo vijana wawili walikuwa wanapiga penalti.

"Lipo wapi?"

"Pole na msiba, fundi. Karibu ukae kwanza."

"Nimepoa. Lipo wapi?"

"Kwa Sumari, Lemara. Amenipa mpira mbili. Tazama wanavyocheza!"

Fundi akatazama, akatikisa kichwa taratibu, kama anayekubali bei. "Na kadi?"

"Kadi gani?"

"Ndogo. Ya kijivu."

"Nilimpa nyongeza."

"Aliomba?"

Tekla alikuwa na jibu kwa kila mtu, mtu wa kodi, mtu wa umeme, mama wa kanisani aliyekuja kulalamikia ungo, lakini huyu alimwambia ukweli. "Hakuomba. Nilimwona anataka kuondoka."

"Humo ndimo mlimokuwa na mbio zangu zote," fundi akasema. "Kila barabara niliyoifungua. Diski ningenunua nyingine." Akaweka kikapu mezani. "Ya tatu ilikuwa yangu, Mama Hope. Tulipeana mkono."

Hakugomba. Angegomba, Tekla angejua la kufanya. Ugomvi ni mwanzo wa mapatano. Fundi alikusanya bisibisi zake, akazifunga kwenye kitambaa, akarudi barazani kwenye redio zake. Machungwa yalibaki. Yalikuwa matamu, na Tekla aliyala akiwa amekasirika, hajui amemkasirikia nani.

Hata barazani hakukaa sana. Kule Lemara, Sumari aliichomeka kadi, na barabara zote za gemu zikafunguka. Na juu ya kila moja, mahali pa mshindi wa kwanza, palikuwa na jina JAMA. Wateja wakauliza, huyu Jama ni nani? Wakawa wanakesha na jina hilo mdomoni kama jina la mchezaji wa timu ya taifa. Sumari akaja Kaloleni kumtafuta mwenye jina. Wiki iliyofuata meza ya barazani ilikuwa tupu.

Tekla alivumilia mpaka mvua za vuli. Televisheni moja ilikuwa imeanza kuonyesha mstari katikati, fundi mwingine akaiongezea mstari wa pili. Jumamosi moja mchana akavaa kitenge kizuri, akaenda Lemara.

Ukumbi wa Sumari ulikuwa umejaa. Ukutani saa, chini ya saa maandishi ya chaki: TUNAUZA DAKIKA. Watu walilipuka, wakacheka, wakaanza tena. Na katikati ya benchi la mbele, pedi mkononi, alikuwa Eliya.

"Shikamoo, Mama Hope. Nilikuwa napita tu."

"Marahaba. Unapita umekaa? Si ulisema la wizi?"

Eliya hakuondoa macho kwenye kioo. "Kwako lilikuwa la wizi, mama. Hapa ni gemu zuri. Tena gumu, na ugumu ndio utamu wake."

Jamaldini alikuwa nyuma, anachomelea waya. Alimwamkia vizuri, akampisha kigoda. Tekla hakuzunguka.

"Rudi, fundi. Nitauza dakika. Televisheni zote tatu, weka utakacho."

"Bei nzuri hiyo."

"Basi?"

"Ungeitaja kabla sijasafiri."

"Nasema nimekosea. Unataka niseme mara ngapi?"

"Hukukosea, Mama Hope. Ulipata mpira mbili." Alisema bila ukali, na hilo ndilo lililomkata. Tekla alitafuta pa kushika ili aanze kuvuta, kama anavyovuta kila mtu, hakupaona. Mtu huyu hakuwa anauza.

Akalipa dakika kama mteja yeyote, akakaa. Vijana wakampisha, wakijikaza wasicheke. Kona ya kwanza akapita. Kona ya pili akalipuka.

"Achia kabla ya kona," sauti ya fundi ikasema nyuma yake.

Akajaribu. Kidole hakikuachia. Akalipuka tena na tena mpaka kengele ikalia, akaaga, akarudi zake.

Siku hizi kwa Tekla wanauza dakika. Ile saa ya kengele mbili ameitoa nyuma ya taa, huitia ufunguo mwenyewe kila asubuhi. Ukumbi unaendelea, hajalala njaa. Ila mara mojamoja hutokea mgeni mlangoni, pengine wa Kisongo, akiuliza kama ni hapa penye ule ungo.

"Si hapa," Tekla humjibu. "Panda gari la Lemara. Ukifika mwulize fundi Jamaldini akuonyeshe kona ya pili."

Mara ya kwanza Eliya, aliyekuwa amekuja kucheza mpira, aliposikia hivyo aligeuka kwenye benchi, mdomo wazi. "Mama Hope! Wewe wa kumfukuza mteja?"

"Tazama mpira wako," Tekla akasema. "Dakika zinakwenda."