Mfenesi Uliokua Njiani

"Mtandao unasumbua" ni maneno yanayonikera kuliko matusi. Foleni ya benki haisogei, mtandao. Mtu hakupokea simu ya mkwewe, mtandao. Mimi ndiye ninayekaa ofisini hapa Morogoro mjini mbele ya skrini inayoonyesha minara yetu, ya mjini na ya milimani, na nikisikia maneno hayo huuliza kwanza: umekatika wapi? Kwa nini umekatika, tutajua baadaye. Ukianza na kwa nini, utabadilisha vifaa vizima na kuacha kibovu.

Tulikuwa na mnara mdogo upande wa magharibi wa Uluguru, uliopokea mawasiliano kutoka mnara mkubwa wa mjini. Ukikatika huo, bonde zima linabaki na simu za kuangalizia saa, zahanati na muuguzi wake wakiwemo. Nao ulikatika kila mvua iliponyesha. Wenzangu walishabadilisha vifaa, na waliposhindwa wakasema ni mvua tu, tuizoee. Niliwabishia. Mvua hiyohiyo ilinyesha kwenye minara ya jirani, nayo haikutetereka. Tena huu ulichelewa kurudi. Mvua imekwisha, jua limetoka, na kwenye skrini bado ni mwekundu. Kulikuwa na kitu njiani kinachosubiri kukauka.

Vuli ilipokuwa inaishia nilipanda huko na fundi wangu. Alikwea mnara, akatazama upande wa mjini, kisha akanipigia kelele, "Bosi, kuna mti!"

Ulikuwa mfenesi, kwenye uwanja wa nyumba moja ya kilima cha mbele. Antena mbili zinazozungumza lazima zionane. Majani makavu huruhusu mawimbi kidogo yapite, ila yakilowa huyanywa yote. Antena yetu ilikuwa kileleni tayari, hapakuwa na pa kuipandisha.

Mwenye nyumba, baba mmoja mcheshi, alicheka tulipomweleza. "Mfenesi tu? Kateni, nisikilize mpira kwa raha." Fundi alishauwasha msumeno pale mama mwenye nyumba alipotokea shambani na kapu la kabichi kichwani.

"Nani kawaambia mkate?"

Tukamwonyesha mumewe.

"Huyu? Huyu ni mgeni hapa kama nyie. Yeye kazoea tu."

Mume akaanza kuchunguza ndala zake. Mimi ni mtu wa Singida. Kwetu ardhi ni ya upande wa baba na hakuna anayeuliza mara mbili. Nimeishi Morogoro miaka mingi nikisikia kwamba kwa Waluguru ardhi ni ya ukoo wa mama, nikaitikia kwa kichwa na kusahau. Sasa nilikuwa nimemwomba ruhusa mtu ambaye naye aliomba ruhusa ya kukaa. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba hata salamu sikuwa nimetoa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Zima kwanza hilo dude."

Alituambia mti ule ulipandwa na mama yake. Tena mti hauna miguu, sisi tunayo, basi tuhame sisi. Sikuona la kubisha. Nilimwambia kwamba naweza kutengeneza njia ya pili, kupitia mnara wa upande wa Mzumbe, lakini kibali cha ofisini kingechukua muda, na pengine masika ingetukuta bado tunangoja.

Aliposikia neno masika aligeukia nyumba. Binti yake alikuwa ametoka ndani na kusimama mlangoni, ana mimba inayoonekana vizuri.

"Masika iliyopita," mama alisema taratibu, "muuguzi alipiga simu aletewe gari. Alipiga mpaka akatoka nayo nje mvuani. Gari halikuja. Mtoto wa huyu akazaliwa kachoka, hakufika jioni. Wakasema ni mtandao." Akaugeukia mfenesi. "Ni huu?"

Ningeweza kumwambia ni mvua, na pale hakuna ambaye angenikatalia. Nilitamani sana kusema hivyo.

"Majani yake yalizuia, mama. Ila mti ulikuwa unakua kama miti yote. Waliojenga mnara walipima ukiwa mdogo, na hakuna aliyerudi kuangalia. Halafu bonde zima wakalipitisha kwenye njia moja. Ingekuwepo ya pili, simu ya muuguzi ingezunguka huko. Kosa ni la wenye mtandao."

Alikaa kizingitini karibu na miguu ya binti yake, na mumewe akaenda nyuma ya nyumba asionekane. Nilijisikia vibaya kusimama pale na kofia yangu ya kazi.

Mwishowe aliinuka. "Kateni kichwa," alisema. "Mfenesi unazaa kwenye shina." Akasimama chini ya mti akielekeza tawi kwa tawi, na fundi hakuthubutu kugusa lingine. Majani yakaenda kwa mbuzi. Kabla hatujaondoka aliniomba namba yangu ya simu.

Ofisini niligombana na kila mtu mpaka njia ya Mzumbe ikapata kibali, na tuliiwasha masika ikiwa imeshaanza. Kabla ya hapo na hata baada ya hapo, mvua ikianza tu kule juu, simu yangu inaita.

"Unanisikia?"

"Nakusikia, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Basi, naangalia tu kama inapita." Anakata.

Wenzangu walinitania kwamba nimepata bosi mpya. Mimi nikazoea kuingoja ile simu kuliko kuitazama skrini.

Kuna siku mvua ilinyesha tangu alfajiri, na simu haikuita. Njia zote mbili zilikuwa za kijani. Nilizikagua, nikazikagua tena, na bado nikaogopa. Namba yake ilitokea mchana nikiwa sijala chochote.

"Unanisikia?"

"Nakusikia, mama. Shikamoo."

Hakuitikia. Nilisikia simu inasogezwa, kisha kilio cha kitoto kichanga, kikali, cha mtu aliyeamshwa bila kuulizwa.

"Na huyu?" aliuliza. "Unamsikia?"

Nikamwambia namsikia.