Gari Lisilokunywa

Katika gereji moja hapa Mpanda, nilimkuta mfugaji na mkewe wakitazama kiti cha nyuma cha gari lao linalotumia petroli na umeme, walilolinunua mwaka jana. Fundi aliingiza vidole kwenye tundu la hewa kando ya kiti, akatoa makapi ya mpunga.

"Baba, betri kubwa iko chini ya kiti hiki, inapumulia hapa. Mmeiziba pua."

"Tulipakia magunia tu, kutoka Usevya."

"Basi imekufa kwa joto. Nyingine ni bei ya ng'ombe wanne."

Mama alishika kiuno. "Wanne si ndio wa mahari ya kijana wetu? Nyie mlisema gari hili halinywi mafuta."

"Halinywi, mama," fundi alijibu.

"Sijauliza kunywa. Nauliza kula."

Mzee alifunga mlango taratibu. "Libaki hapa. Mkwe hasubiri betri."

Nilikuwa nimekwisha kukokotoa kwamba petroli yote waliyookoa haikufikia bei ya ng'ombe mmoja. Walikuwa wameshika njia ya nyumbani kwa miguu, usafiri ambao, kwa hesabu zangu, hautumii petroli wala betri.