Bahari Iliyopungukiwa Chumvi

Harufu ya misonobari ikinifikia, hata iwe ya sabuni ya kusugulia sakafu, ulimi wangu hukumbuka maji. Misonobari ilishuka hadi ukingoni mwa mchanga huko Jurmala, mji wa mapumziko wa Latvia, kwenye pwani ya Baltiki. Kwaya yetu ya watoto wa kanisa, sisi wa mtaa wa Bellevue, Johannesburg, ilialikwa kuimba huko nikiwa darasa la tano.

Mnawajua watu wa Joburg na bahari. Mji wetu hauna pwani, basi anayekwenda Durban harudi mikono mitupu: hubeba maji ya bahari kwenye chupa ya soda, na ua zima likanywa kusafisha tumbo. Wakongomani wa ua wetu walikuwa wameishika desturi hiyo kuliko wenyeji. Kwa hiyo Mama Neema, msusi wa chumba cha pili, alinipa chupa tupu. Mama yangu akaongeza lake: "Usirudi bila mayi. Watu wanasema niko nadanganya." Maana nusu ya ua haikuamini kwamba mtoto wa fundi cherehani angepanda ndege kwenda Ulaya.

Bahari ile ilikuwa baridi ya kuuma mifupa, tena ya kina kifupi; nilitembea weee, maji yakabaki magotini. Wazungu waliolala juani walinikodolea macho nikiinama na gauni la kwaya, nikijaza chupa. Nami nikawakodolea. Kisha nikaiviringisha chupa kwenye kitenge na kuifukia sandukuni.

Jumapili ya kwanza baada ya kurudi Joburg, ibada ilipokwisha, Mama Neema akayaonja uani mbele ya wote. Akatema.

"Hii haiko mayi ya bahari. Iko ya robine," akasema, yaani ya bombani. "Haina hata chumvi."

Wakacheka. Mama akatazama viatu vyake. Nilimchukia Mama Neema, sifichi. Nikajimiminia kikombe, nikanywa chote bila kupumua.

"Mimi niliingia mule," nikasema. "Ninyi hamukuingia."

Kufikia jioni tumbo liliniendesha vibaya, choo cha ua kikawa changu, na nje watu wakapanga foleni wakinuna. Kesho yake Mama Neema alikuja na kikombe, sauti imelainika: "Mutoto muzuri, unipatie kidogo ile mayi ya bahari, na mimi nisafishe tumbo."

Nikamwambia robine iko pale uani. Kwetu, kumjibu mtu mzima hivyo ni kutafuta kofi. Mama alisikia kila neno, akaendelea kukata kitambaa.

Ukubwani ndipo nilipojua kwamba Baltiki kweli ina chumvi kidogo, kwa sababu ya mito mingi inayomwagika humo. Bado ni bahari. Nami nimeonjwa sana tangu siku ile: kule Bukavu, Kongo, walikotoka wazazi wangu, shangazi zangu wanasema Kiswahili changu kimepoa; hapa Joburg, nilikozaliwa, wananiuliza nitarudi kwetu lini. Zamani ningekunywa kikombe kizima ili waniamini. Siku hizi nawaonyesha robine ilipo.