Kiingereza cha Mkagua Matimba

Kabla hatujaingia kwenye duara letu, shimo la dhahabu, mkagua matimba hushuka kwanza peke yake, akagonga kila timba, gogo linaloshikilia udongo, sikio kaliegemeza kabisa. Akipanda huchukua chaki na kutufundisha Kiingereza kwenye ubao wa usalama, polepole, kila siku yale yale.

"Protect ni kukinga, kabla ya hatari. Mfano: I protect you." Hapo hutunyooshea kidole mmoja mmoja. "Rescue ni kuokoa, hatari ikishafika."

Jana Donatus, mchimbaji mgeni, akauliza, "Mzee, hilo la pili mbona halina mfano?"

Mzee aligeukia duara la jirani, lililotitia mwaka jana likiwa na watu ndani. Akapangusa chaki vidoleni.

"Tulichimba siku nne, mwanangu. Mfano hatukuupata."