Vitambaa Vilivyopigwa Pasi

Kabla ya maabara nilikuwa nikipiga pasi mitumba katika kibanda kimoja mtaani Kisumu Ndogo. Mwenye kibanda alinifundisha kwamba nguo yenye makunyanzi haina mnunuzi. Nilinyunyiza maji kwa mdomo na kupitisha pasi ya makaa mpaka kola ing'ae.

Baba alitangulia mbele ya haki, kisha mama, nami nikaacha shule. Shangazi yetu wa Kawangware aliamua hivi: nikipata kazi ya mshahara, wadogo zangu wawili wangebaki nami nyumbani kwetu Kambi Muru; nikiikosa, angemchukua wa mwisho, na wa kati angepelekwa magharibi kwa wajomba. Ndipo nikapata kazi ya usafi katika maabara moja mjini.

Pale walikuwa wakiotesha seli juu ya vitambaa vya poliesta, ili siku moja kitambaa kama hicho kizibe kidonda kikubwa na nyama ikishike. Poliesta ni laini mno. Seli hazipati pa kushika. Kwa hiyo mkuu wetu, mama asiyepandisha sauti, alivichemsha katika dawa kali ya kutengenezea sabuni ili ichubue uso wa vitambaa. Mimi nilivisuuza na kuvianika.

Ijumaa moja vilikauka vimekunjana, vimefifia. Niliona haya kuvipeleka hivyo. Nikachukua pasi ya makoti meupe, nikaipandisha moto, nikavinyoosha mpaka vikang'aa.

Mkuu alivigeuza kwenye mwanga. "Nani amevipiga pasi?"

"Ni mimi, madam."

"Kwa nini?"

"Vilikuwa na makunyanzi."

Fundi wa hadubini aliangua kicheko. "Wee! Kwani seli zinaenda kanisa?"

Mkuu hakucheka. Moto ulikuwa umeyeyusha ule uso aliouchubua kwa wiki nzima, ukawa laini tena. Nilisimama nikiwaza ni yupi kati ya wadogo zangu angelia zaidi.

"Kesho utakuja?" akauliza.

"Nitakuja."

"Tunaanza upya. Na hiyo pasi usiiguse."

Jumamosi tulichemsha vingine kutwa. Jumapili shangazi alifika na begi tupu. Jirani alikuwa amemfikishia habari.

"Nasikia umeunguza mali ya watu. Nguo za huyu mdogo ziko wapi?"

"Ziko kwenye kamba, Shangazi. Na kesho naenda kazini."

"Hawajakufukuza?"

"Hawajanifukuza."

Alikunywa chai, akarudi Kawangware na begi lake. Nguo zilipokauka, nilizipiga pasi.