Nyayo za Ta Rwekaza Ukutani

Ukifika Kamachumu ukaona kibao cha duka chenye herufi zilizonyooka, ambazo mvua ya miaka mitatu haijazibandua, usijisumbue kuuliza nani kaandika. Ni Joviana. Ng'ombe aliye kwenye ukuta wa bucha ni wake pia, na wateja hutania kwamba ana afya kuliko nyama inayouzwa ndani. Kazi hiyo alifundishwa na baba yake, marehemu Rutashobya, na kwa miaka zaidi ya ishirini amepanda ngazi, brashi mkononi, kanga kaifunga kiunoni juu ya suruali.

Mtu mmoja tu hakuipenda kazi hiyo: mama mkwe wake, Ma Felicitas. Mumewe Joviana, Alexander, anafanya kazi Mwanza na huja mara moja kwa mwezi, kwa hiyo nyumbani, katikati ya migomba, walikuwa wao wawili. Ma Felicitas hakuwa mkali. Alikuwa ananyamaza tu. Joviana akirudi na rangi kwenye nywele, bibi alimtazama, akaguna, akaendelea kumenya ndizi.

Mwaka juzi, mwanzoni mwa Novemba, Padri Datius alimwita Joviana kwenye kanisa jipya la kigango chao. Jengo lilikuwa limekwisha, ila ukuta wa nyuma ya altare ulikuwa mweupe mtupu. Padri akatoa simu yake.

"Tazama hii," akasema. "Iko kwenye kanisa dogo kule Italia, jirani na chuo nilichosoma. Ina miaka kama mia nne."

Joviana aliishika simu kwa mikono miwili. Ilikuwa picha ya kuzaliwa kwa Bwana, lakini si kama zile za kwenye kalenda. Giza lilikuwa limetanda pande zote, na katikati alilala mtoto juu ya majani makavu, mwanga wote ukitoka kwake na kuwapiga watu usoni. Bikira Maria alionekana amechoka kama mzazi yeyote. Kulikuwa na mwanamke mzee aliyeinama, mikono mbele. Na chini kabisa, karibu na mtazamaji, mchunga kondoo mmoja alikuwa amepiga magoti, ametugeuzia mgongo, nyayo zake peku zikiwa wazi, zimejaa tope.

"Padri, huyu mbona katugeuzia miguu?"

Padri Datius akacheka. "Siku ya kwanza niliingia pale nimelowa mvua, viatu vimejaa matope, naona haya kukanyaga marumaru ya watu. Nilikuwa mgeni, sijui hata kuomba maji kwa lugha yao. Nikainua macho nikaziona hizo nyayo. Nikapiga magoti palepale. Nataka watu wangu nao wazione."

"Mimi naandika vibao, Padri."

"Jaribu. Krismasi bado wiki saba."

Picha ikachapishwa Bukoba mjini, kubwa kama sinia. Joviana akaunganisha mbao mbili za plaiwudi, akazipiga msasa, akachora miraba kwa penseli, akaanza. Giza lenyewe lilimaliza makopo mawili ya rangi. Nguo zilimtii, nyuso zikamtii baada ya kuzifuta mara mbili tatu. Lakini alipofika kwenye mikono ya yule mzee na nyayo za mchungaji, akakwama. Picha ya simu ilipokuzwa, sehemu hizo ziligeuka madoa matupu. Akajaribu kuchora mikono yake mwenyewe. Ikatoka mikono ya mtu anayesukuma mlango.

Jioni moja, kabla jua halijazama, alimkuta Ma Felicitas kibarazani akinyonyoa senene. Akachuchumaa mbele yake.

"Mawe," akamwita, yaani mama kwa Kihaya, "naomba mikono yako."

"Imefanya nini?"

"Haijafanya kitu. Nataka kuichora."

Bibi akaomba kwanza aione hiyo picha. Akaisogeza karibu na macho, akaitazama kwa muda mrefu. "Huyu mwanamke ni nani?"

"Padri anasema ni mkunga."

"Huyu?" Ma Felicitas akaiweka picha chini kama mtu aliyeuziwa maziwa yaliyochacha. "Waitu! Mkunga gani anayeshika hewa namna hii? Aliyechora hapa hajawahi kuona mtoto akizaliwa. Angalia." Akakung'uta mabawa ya senene vidoleni, akanyoosha mikono. "Huu unakaa chini ya shingo. Huu chini ya makalio. Na vidole hivi unavifungua, kwa sababu mtoto anateleza."

Joviana alijua kwamba mama mkwe wake aliwahi kuwa mkunga, kabla ya zahanati kujengwa. Alichokuwa hajui ni kwamba kwa miaka thelathini bibi huyo alipokea watoto wa vijiji vitatu, na kwamba aliwakumbuka mmoja mmoja. Kwa siku tatu Ma Felicitas alikaa kwenye kigoda, mikono imebeba mto uliofungwa kanga, akasimulia. Huyu alizaliwa mama yake akiwa juu ya pikipiki. Yule hakulia mpaka alipomwagiwa maji ya baridi. Padri Datius mwenyewe alikuja ametanguliza miguu, "mbishi tangu tumboni."

"Mawe, mbona hukuwahi kuniambia haya yote?"

"Hukuwahi kuuliza. Wewe kila siku uko juu ya ngazi."

Walicheka wote wawili, na Joviana akachovya brashi tena. Mikono aliyoichora haikufanana na ile ya Italia. Alilijua hilo, na lilimtia hofu, lakini hakuifuta.

Zikabaki nyayo. Jirani yao Mzee Rwekaza, Ta Rwekaza kwa Kihaya, mwenyekiti wa kigango, mkulima wa kahawa anayepalilia peku mvua na jua, ndiye aliyekuwa na miguu iliyofaa. Aliposikia anahitajika kwenye picha ya kanisa, alifika asubuhi yake amevaa suti aliyoshonewa kwa harusi ya mwanawe, masharubu yamechongwa, viatu vinang'aa.

"Nikae upande gani?" akauliza, kidevu juu.

"Upige magoti, Ta Rwekaza, unipe mgongo. Na uvue viatu."

"Mgongo?"

"Ndiyo. Nahitaji nyayo. Na tope kidogo."

Ta Rwekaza akamtazama kama mtu aliyetukanwa hadharani. "Joviana, mimi ni mwenyekiti! Wajukuu zangu waje kutazama kisogo changu na magaga yangu mpaka mwisho wa dunia?" Akafunga kifungo cha koti, akaenda zake.

Joviana akakata tamaa. Ma Felicitas akainuka. Alichukua fimbo yake, akaingia migombani. Kesho yake Ta Rwekaza akaja mwenyewe, moja kwa moja kutoka shambani, udongo mwekundu umempanda hadi kwenye vifundo. Akapiga magoti juu ya gunia bila kusalimia vizuri.

"Umemwambia nini?" Joviana alimnong'oneza mama mkwe wake.

"Nimemwambia asijisumbue, Rugaibula amekubali."

Rugaibula ndiye aliyeshindana naye kwenye uchaguzi wa uenyekiti, akakosa kwa kura nne.

Kwa saa mbili Ta Rwekaza alilalamikia magoti yake, na kila baada ya dakika tano akauliza, "Umefika wapi?"

"Kisigino."

"Cha kulia au cha kushoto? Cha kushoto ndicho kizuri."

Picha ilifunuliwa Jumapili ya mwisho kabla ya Krismasi. Kanisa lilijaa mpaka watu wakasimama madirishani. Kitambaa kilipoanguka, watu wakanyoosha shingo, na Joviana akajificha nyuma ya nguzo. Kisha sauti ikatoka kwenye mabenchi ya akina mama. Alikuwa Dativa, mke wa Ta Rwekaza.

"Yesu wangu! Si nyayo za mume wangu hizo? Ule ufa naupaka mafuta kila siku!"

Kanisa likaangua kicheko. Kilipotulia, Rugaibula akasimama, amekunja uso. "Padri, sina ugomvi na mtu. Lakini tope, juu ya altare? Mbele ya Mtoto Yesu?"

Padri alifungua kinywa, ila Ta Rwekaza alimtangulia. Alisimama taratibu, akishika benchi.

"Ndugu yangu Rugaibula, hawa wachungaji waliitwa wakiwa kazini, wakakimbia. Hawakupata nafasi ya kunawa. Wewe ulibaki unanawa, ndiyo maana hukuingia pichani."

Watu walipiga makofi, vigelegele vikapanda, na hata Rugaibula akajikuta anatabasamu. Padri Datius akaisogelea picha. Akasimama mbele ya mwanamke mzee, akainamisha kichwa upande mmoja.

"Joviana, mikono hii si ile ya Italia."

Joviana akatoka nyuma ya nguzo. "Siyo, Padri. Mkunga wetu aliisahihisha."

Padri akageuka, akamtafuta Ma Felicitas kwa macho, akateremka kutoka altareni hadi kwenye benchi lake. Akaishika mikono yake miwili, akaiinamishia kichwa.

"Ulitanguliza miguu," Ma Felicitas akamwambia, kwa sauti iliyofika mlangoni. "Ulinitoa jasho!"

Siku ile Joviana alikula ndizi na nyama kwenye nyumba tano, kwa kuwa hakuna aliyekubali apite bila kuingia.

Sasa anachora picha nyingine, ya kanisa moja upande wa Maruku: Familia Takatifu wakikimbilia Misri. Ma Felicitas amejipa kazi ya kutafuta nyuso. Huenda sokoni na fimbo yake, humsimamisha mtu aliyebeba mkungu wa ndizi, humshika kidevu, humgeuza kushoto, humgeuza kulia.

"Wewe unafaa kuwa Yusufu," husema. "Njoo Jumanne. Na ole wako ukinyoa."