Shingo Iliyokunjwa

Tangu alfajiri mama yule alikuwa ameketi kando ya bwawa la mwisho la kusafishia maji, daftari gotini. Miaka kumi na mitano alifagia ofisi za mabwawa hayo. Mwezi uliopita bosi alimkabidhi kazi ya kuhesabu ndege, maana jicho lake halikosi kitu, na leo saa nne mkaguzi angekuja kuipima hesabu yake. Akionekana hajui, anarudi kwenye ufagio.

Yangeyange wa pale, ndege weupe wenye shingo ndefu, ni wa namna mbili, mkubwa na wa kati, nao wanafanana kama mapacha. Basi alisimika mti majini akaupaka alama nyekundu. Ndege akifikia alama ni mkubwa, asipoifikia ni wa kati. Wa kati aliandika ishirini na mmoja.

"Wifi, mbona unatafuna kalamu?" aliuliza dada wa mumewe, aliyekuwa akizibua mifereji. "Kalamu haishibishi."

"Niache."

"Ndege hawasemi. Nani atajua?"

Jua likapanda juu ya ukuta. Ndege mmoja aliyemwandika kuwa wa kati, aliyejikunyata karibu na mti, akanyoosha shingo. Ikapanda, ikapanda, ikaipita alama kwa shubiri nzima.

Mama akapekua kurasa za daftari. Asubuhi zote alizohesabu zilikuwa za baridi, na kwenye baridi ndege hukunja shingo.

Akashika darubini. Akawakumbuka binti zake wawili wanaovaliana nguo: hajawahi kuwatambua kwa kimo, huwatambua usoni. Akatazama nyuso. Kwa yule mrefu, mstari wa mdomo ulipita nyuma ya jicho. Kwa jirani yake ulikomea chini ya jicho.

Akaanza upya. Mkaguzi akamkuta hajafika nusu.

"Bwana mkaguzi, hesabu ya daftari si ya kweli. Niliwapima wakiwa wamejikunyata."

Mkaguzi alichukua darubini, akatazama muda mrefu. Mama alikikodolea macho kisogo chake kana kwamba jibu limeandikwa pale.

"Wa kati wangapi, basi?"

"Wanane nina hakika nao. Wengine sijawaona uso."

"Malizia kesho. Na huo mti uung'oe."

Mama akavaa mabuti, akaingia majini polepole kuung'oa mti. Wifi alikuwa akicheka ukingoni. Yeye hakugeuka, alichunga kila hatua, asije akawatimua ndege kabla hajawaona uso.